Nani Alinunua Nyama?

Bonde la Tanner
Jumatatu, 26 Januari 2015

Mdogo wangu Delmas,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Nikifungua mdomo tu unaanza "Ndiyo dada, ndiyo dada," huku nasikia unapekua makaratasi. Halafu tangu barafu iangushe nguzo kule darajani, simu yenyewe ni ya kubahatisha. Barua najua utaisoma mpaka mwisho. Tangu utotoni hujawahi kuacha kitu kilichoandikwa jina lako.

Hobert yupo, anakohoa. Migodi ya makaa ilimwachia pensheni na vumbi la mapafuni, na katika hivyo viwili ni vumbi tu ambalo halijawahi kuchelewa. Anakusalimu, anasema huko bungeni kama kuna kahawa nzuri, mkumbuke shemeji yako.

Sasa nisikilize. Tangu kampuni ya Laurel Basin ije kutoboa mlima kutafuta gesi nyuma ya ghala letu la nyasi, kisima alichochimba baba kinatoa maji ya rangi ya chai, yananuka yai viza. Hobert akiyaoga anajikuna hadi anatoka damu. Kwa hiyo nashuka na pikapu hadi kwenye chemchemi ya kanisa, najaza madumu, napanda nayo mlima juu ya barafu, na miaka yangu sitini na saba. Kampuni inasema maji ya bonde hili yalikuwa hivyohivyo tangu zamani. Delmas, nilikuogesha kwa maji hayo tangu mama alipotuacha, nawe ukiwa huna hata meno. Yalikuwa hivyo?

Mswada wa visima unaomba jambo dogo mno: kampuni ikichimba karibu na kisima cha mtu na maji yakaharibika, yenyewe ndiyo ithibitishe kwamba haikuyaharibu, la sivyo iyarudishe yalivyokuwa. Basi. Mwenyekiti wa kamati yenu ameukalia mwaka mzima, na kila mtu anajua nani anamlipia chakula cha jioni. Nimesoma kanuni zenu. Mjumbe yeyote anaweza kusimama na kuomba mswada utolewe kwenye kamati, upigiwe kura ukumbini, jina kwa jina. Wakisimama kumi wa kumuunga mkono, kura inapigwa. Nataka usimame, Delmas. Ukishindwa, ushindwe tukikuona.

Nasi hatutangoja tumekaa. Jumatatu ya tarehe tisa Februari tunatoka mbele ya mahakama ya kaunti kwa miguu hadi kwenye ngazi za Bunge, kuwaambia kwamba serikali ya jimbo hili ni ya watu, haikukodishwa. Tupo kama thelathini. Twila, mke wa mchungaji, ndiye kiongozi. Jarvis Stump, mfuga nyuki, naye yumo. Tumeweka kiapo: njia nzima hatupokei chochote cha kampuni, hata kikombe cha maji. Jarvis ameigeuza kofia yake nje ndani kwa sababu alipewa na Laurel Basin kwenye maonyesho ya kilimo. Nilimwambia anunue nyingine, akasema kichwa chake kimeshaizoea.

Nijibu kwa maandishi.

Dada yako,
Oneida

*

Mji mkuu
Ijumaa, 30 Januari

Dada Oneida,

Nimeisoma mpaka mwisho, na sikupekua karatasi hata moja.

Nakuomba usitembee. Redio inatangaza theluji wiki mbili mfululizo. Huna umri wa kulala kwenye sakafu za makanisa, na Hobert hana mapafu ya kukaa peke yake. Mkitaka kuja, nitawatafutia basi.

Kuhusu kusimama: dada, kanuni ni kanuni na Bunge ni Bunge. Tangu nichaguliwe sijaona mtu akisimama kumpokonya mwenyekiti mswada. Alijaribu mmoja kabla yangu. Daraja la kwao hadi leo ni la mbao. Unafikiri barabara ya Bonde la Tanner inamwagiwa changarawe kwa sababu ya uzuri wa macho yangu? Gari jipya la zimamoto hapo kwenu limetoka wapi? Sare za timu ya mpira wa shule? Nyote mlikuja kupiga picha na lile gari, na wewe ulikata utepe. Mkono mtupu haulambwi, na kaunti yetu mikono yake ni mitupu tangu migodi ifungwe. Mimi kazi yangu ni kutafuta cha kuwekwa mkononi.

Royce Pennell si mtu mbaya. Najua ukisikia jina lake unatema mate, maana analipwa na Laurel Basin kushinda kwenye korido zetu. Lakini ndiye anayepokea simu yangu hata Jumapili. Amenihakikishia tena: mkitaka, wataleta tanki kubwa, waliunganishe na mabomba ya nyumba, na lori la maji safi lije kila wiki bila kukosa. Mnachotakiwa ni kusaini kwamba hamtazungumzia maji yenu tena kwa mtu yeyote. Hobert ataoga maji ya moto kesho kutwa. Kuna ubaya gani? Maneno hayafui shuka.

Fikiria, dada. Mimi nakutakia raha.

Delmas

*

Ukumbi wa chini ya kanisa, Elk Run
Alhamisi, 12 Februari

Delmas,

Unauliza kuna ubaya gani. "Mtu yeyote" ni pamoja na mwandishi wa habari, hakimu, daktari wa Hobert na wewe mwenyewe. Jirani yangu akiniuliza mbona mbwa wake amekufa, nitazame juu nihesabu ndege? Likija hilo tanki, kisima cha baba hakitakuwa na wa kukisemea. Mswada ukifa sijui tutafanya nini, lakini haujafa. Sitasaini.

Haya, sasa habari za barabarani, maana moyo wangu ni mkubwa leo kuliko miguu yangu.

Tumetembea siku nne. Baridi inauma mpaka kwenye mizizi ya meno. Malori ya kampuni yanatupita na kutumwagia tope la theluji, mengine yanapiga honi. Jana kijana mmoja alishusha kioo akatupigia kelele, "Rudini kazini!" Jarvis akamjibu, "Nimestaafu, bwana mdogo! Wewe saa hizi umetumwa wapi?" Tulicheka mpaka Twila akakaa kwenye uzio. Juzi niliteleza karibu na daraja nikaangukia goti la kulia. Limevimba, lakini nimelifunga na natembea. Usimwambie Hobert.

Ila watu, Delmas! Kila tunapofika jioni tunakuta meza imeandaliwa. Ukumbi wa wazimamoto wa kujitolea pale Pigeon Creek walitupikia nyama ya ng'ombe ya kuoka, viazi, maharage mabichi na pai nne za tufaha. Siku iliyofuata, supu ya kuku na mikate ya moto yenye soseji kali ya pepperoni ndani. Hapa kanisani leo ni paja la nguruwe zima zima. Nilikuwa nimesema nyumbani tutakula biskuti kavu njia nzima, na nimeongezeka uzito.

Kiapo tunakishika. Kila mlango ninauliza, "Nani kapika?" Pale Pigeon Creek mama mmoja mwenye aproni alinishika kiuno akanicheka, "Tumepika sisi, ulidhani malaika?" Nikakaa nikala. Unajua kwetu, huulizi zaidi ya hapo. Ukianza kumhoji mtu nyama kainunua wapi, bora ungemtemea kwenye sahani.

Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba watu wetu wameuzwa wote, Delmas, na wameuzwa kwa bei ya kofia. Nimekosea, na nimefurahi kukosea. Watu wanaopika namna hii kwa ajili ya wasiowajua hawawezi kushindwa na kampuni. Usiku mimi na Twila tunalia kidogo, si kwa huzuni.

Tutafika Alhamisi ijayo. Simama, mdogo wangu.

Oneida

*

Mji mkuu
Jumamosi, 14 Februari

Dada,

Barua hii nimeituma kwenye ukumbi wa wazimamoto wa Coon Branch, najua mtapita Jumanne. Nimefurahi kuliko unavyoweza kujua kusikia mnakula vizuri. Kula, dada. Vaa soksi mbili mbili. Hilo goti lipake mafuta ya moto.

Alhamisi fikeni mapema, mkae roshani ya wageni, safu ya mbele upande wa saa. Nimemwomba Spika nafasi ya kuzungumza mwanzoni kabisa mwa kikao, na amenipa. Nitavaa ile tai ya baba.

Wako,
Delmas

*

Bonde la Tanner
Jumamosi, 21 Februari

Delmas,

Nimengoja siku mbili hasira ipungue ndipo nikuandikie. Haikupungua, kwa hiyo naandika nayo.

Barua yako ya Coon Branch niliisoma kwa sauti mbele ya wote. "Nimemwomba Spika nafasi ya kuzungumza." Jarvis alirusha kofia. Twila aliomba dua kwa jina lako. Tulizipanda ngazi za Bunge siku ya Alhamisi, mimi nikivuta mguu, na mabango yetu tukayaacha kwa walinzi kama tulivyoagizwa, tukakaa safu ya mbele upande wa saa. Nikakuona chini na tai ya baba. Ukasimama. Nikamshika Twila mkono nikamwambia, "Ndiye yule, ndiye mdogo wangu."

Nawe ukasema, "Mheshimiwa Spika, naomba Bunge lako tukufu liwatambue wageni wangu, wananchi wa kaunti yangu waliotembea kwa miguu kuja kujifunza shughuli za Bunge, akiwemo dada yangu mpendwa aliyenilea."

Kujifunza!

Wakasimama wote. Mwenyekiti wa kamati alisimama. Wale unaowajua na ninaowajua walisimama, wakageuka kututazama juu, wakatupigia makofi kwa tabasamu kama watoto wa shule tuliokuja kwa matembezi. Na Royce Pennell pale mlangoni naye anapiga makofi. Nisamehe Mungu, mimi nikainua mkono nikapunga. Mkono ulipunga wenyewe, kwa adabu niliyofundishwa. Kisha mkakaa, karani akasoma shughuli nyingine, na mswada wa visima haukutajwa siku ile na hata mtu mmoja.

Huko nje waandishi wakatuuliza, "Mmejisikiaje kupokewa kwa heshima hivyo?" Ungetufukuza, Delmas. Ungeita polisi wakatuburuta kwenye ngazi, ningekuwa na kitu cha kushika. Mtu ukimpigia makofi atagombana na nani?

Bunge linafungwa tarehe kumi na nne Machi. Bado una wiki tatu. Kinachonishinda ni kuelewa kama ulijua unachokifanya au hukujua, na sijui lipi baya zaidi.

Oneida

*

Mji mkuu
Alhamisi, 26 Februari

Dada,

Barua yako imenikera, na nitakujibu kama mtu mzima, si kama mtoto uliyekuwa ukimwogesha.

Nilikupa heshima ambayo humu ndani watu huipata kwa nadra. Jina la ukoo wetu, Casto, limeandikwa kwenye kumbukumbu za Bunge. Spika mwenyewe aliniambia baadaye, "Yule dada yako ana nguvu gani!" Wenzangu wameanza kuulizana kuhusu Bonde la Tanner. Hivyo ndivyo mambo yanavyosogea hapa, polepole, kwa kuzoeana. Nawe unataka nivunje mlango ambao naufungua kwa ufunguo.

Unasema sikufanya kitu. Sikutaka kulisema hili, lakini umenilazimisha. Wewe unadhani mlikulaje njia nzima? Unadhani wale wazimamoto wa Pigeon Creek, ambao hawana hata fedha za kujaza mafuta kwenye gari lao, waliota nyama ya ng'ombe ya watu thelathini? Siku ile uliponiandikia kwamba lazima utatembea, sikulala. Nilikuona umekaa kando ya barabara unatafuna biskuti kwenye theluji. Nikanyanyua simu nikampigia Royce. Nikamwambia, dada yangu anakuja kwa miguu, sitaki alale na njaa hata siku moja. Hakuuliza mara mbili. Nyama, kuku, paja la nguruwe, tufaha za pai, mpaka kuni za kuwashia majiko ya kumbi, kampuni ilipeleka kila kituo kabla hamjafika. Wale akina mama walipika tu. Niliwaomba wasiseme, kwa sababu ya kiapo chenu.

Hilo ndilo nililokufanyia, mimi ninayekaa tu nikipekua makaratasi. Nawe unanijibu kwa kunitukana. Kweli fadhila za punda ni mateke.

Mswada hautatoka. Mwenyekiti ameshasema. Saini ile karatasi, mpate maji, tuishi kama ndugu.

Delmas

*

Bonde la Tanner
Jumanne, 3 Machi

Delmas,

Nimeusoma ukurasa wako wa pili nimesimama jikoni, nikaketi, nikausoma tena.

Hukulielewa hata kidogo, sivyo? Uliliandika kwa kujivunia. Nimelisoma nikitafuta mahali ulipoona aibu, hakuna.

Ilinibidi niwaambie wenzangu. Tulikutana kwa Twila Jumapili baada ya ibada. Twila alitoka nje akakaa kwenye gari. Jarvis alicheka, kicheko kibaya, akasema, "Basi tumeandamana kwa chakula chao, tukapigiwa makofi yao. Walikuwa wanatuchunga tu, tupite salama." Wengine wanasema hawatatoka tena, na siwezi kuwalaumu. Ile furaha niliyokuandikia kutoka Elk Run, kwamba watu wetu bado ni watu wetu, umeichukua nayo. Wale akina mama sasa sijui niwafikirieje. Yule aliyenishika kiuno nilitaka kumtumia jamu ya zabibu. Mitungi ipo hapa mezani inanitazama.

Lakini si hilo linaloniuma zaidi. Ulisema hukulala ukifikiria njaa yangu. Nakuamini. Wewe ni mdogo wangu, una huruma, ulikuwa ukilia kuku akichinjwa. Basi kwa nini hukununua mkate? Pigeon Creek kwa gari si mbali na mji mkuu. Ungepakia sufuria moja ya maharage kwenye gari lako, ukaja, ukanipakulia kwa mkono wako, ningekula nikalia na mswada ningekusamehe. Haikukupitia akilini. Dada yako akiwa na njaa, wewe unampigia simu Royce. Wamekuzoesha mpaka upendo wako unapitia ofisini kwao.

Sikuombi tena usimame. Nilikuomba nikidhani unaogopa, na mwoga huweza kupata siku moja ya ujasiri. Mtu asiyeona kitu, nitamwombaje akikodolee macho?

Goti limekataa. Daktari anasema nisibebe chochote hadi majira ya joto. Hobert sasa anataka kwenda chemchemini mwenyewe, na mimi namficha funguo za pikapu. Simu imekufa kabisa tangu theluji ya Jumapili, kwa hiyo usihangaike.

Oneida

*

Mji mkuu
Ijumaa, 13 Machi

Dada Oneida,

Nimepiga simu tangu saa nane mchana, inalia kama iko chini ya maji. Nimempigia mchungaji, naye hapatikani. Basi naandika, na naitia posta sasa hivi.

Nimesimama.

Barua yako ya tarehe tatu nilikaa nayo mfukoni wiki nzima. Niliikasirikia kwanza. Nilimwonyesha hata rafiki yangu mmoja tunayekaa naye safu moja, nikidhani atacheka. Akauliza, "Kwani Royce si ndiye anayelipa chakula hiki?" Tulikuwa tunakula. Nikajaribu kukumbuka ni lini tangu kikao kianze nimelipia mlo, na sikukumbuka. Sijui nikuelezeje, dada. Sikuwahi kuona kama nimenunuliwa. Niliona nina marafiki wengi.

Leo baada ya dua, kabla karani hajasoma shughuli, nilisimama nikasema, "Mheshimiwa Spika, kwa mujibu wa kanuni naomba mswada wa visima utolewe kwenye kamati ya nishati, upigiwe kura hapa ukumbini, jina kwa jina." Spika alidhani amesikia vibaya, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema wanaomuunga mkono mjumbe wasimame.

Hakusimama mtu. Rafiki yangu wa safu moja alikuwa anatafuta kalamu chini ya meza. Nilitazama juu kwenye roshani, kulikuwa na darasa moja la watoto wa shule na mwalimu wao. Spika akasema ombi limekosa kuungwa mkono, nikakaa. Yote haikufika hata dakika tatu.

Mchana nilipotoka, Royce alikuwa kwenye korido. Hakunisalimu. Hakunikasirikia wala nini, alikuwa anamsalimu mtu mwingine tu. Sasa najua barabara yetu itakuwa na mashimo na pengine mwakani nitakuwa nyumbani, ila ombi limeandikwa kwenye kumbukumbu, na mwakani mtu mwingine anaweza kuanzia pale nilipoishia. Mwambie Twila. Mwambie Jarvis kwamba safari hii hatukuchungwa.

Dada, usisaini. Nasema hivi mimi niliyekusihi usaini. Kesho tunafunga Bunge, Jumapili asubuhi natoka huku na gari langu na madumu niliyonunua kwa pesa yangu. Nitabeba maji ya chemchemi mimi, kila wiki, mpaka goti lako lipone na baada ya kupona. Na nitatafuta wakili. Wewe ukiwa huru kusema, na mimi nikiwa nimeshachafua jina langu huku, tukiungana tutawapa taabu. Bila mdomo wako mimi sina kesi.

Nisubiri Jumapili.

Mdogo wako,
Delmas

*

Bonde la Tanner
Ijumaa, 13 Machi

Mdogo wangu Delmas,

Nakuandikia haraka, mtu wa posta yuko kwa jirani na nitamwahi.

Jumatano Hobert aliona nilipoficha funguo. Alikwenda chemchemini nikiwa nimelala na goti langu. Alijaza madumu mawili, la tatu likamshinda. Jarvis alimkuta ameketi kwenye theluji, mgongo kwenye gurudumu, midomo ya buluu, na dumu bado amelishika mkononi. Hospitali wamemrudisha jana na mtungi wa hewa. Daktari alinivuta pembeni akasema mapafu yale hayatastahimili safari nyingine kama hiyo, na ngozi yake haitastahimili kisima. Nilipanda kitandani nikamlilia mgongoni ili asinione.

Leo asubuhi nimesaini. Walikuja wawili, wapole sana, na boksi la donati. Nilisoma karatasi yote, kama ninavyosoma kila kitu, na Hobert akasaini chini yangu bila kuisoma. Alisema, "Oneida, nakuona unavyolia," ndipo nikajua hakuwa amelala.

Tanki lipo uani, jeupe, kubwa kuliko ghala la mahindi. Fundi anakuja kesho asubuhi kuliunganisha, na mkataba unaanza papo hapo. Kwa hiyo barua hii ni halali bado.

Sikukasirikii tena, na nataka ulijue hilo. Nilikudai zaidi ya uwezo wako, nami leo nimeona mwisho wa uwezo wangu. Nilisema mengi kuhusu kusimama, na sikudumu hata hadi mwisho wa kikao. Kama utafika pasaka, njoo, kutakuwa na maji ya moto ya kutosha.

Ila kuanzia kesho usiniulize habari za maji, Delmas. Wewe wala mtu mwingine. Ukiniuliza nitakujibu habari za hali ya hewa. Theluji imeanza kuyeyuka upande wa jua, na upepo leo ni mdogo.

Dada yako,
Oneida